Heko kwa Giaboksi Iliyokwama

Katika maghala ya mizigo wapo wengi waliokwisha kusifiwa: mizani isiyodanganya, karani asiyeiba, paka anayefanya kazi bila mkataba. Giaboksi ya foklifti kuukuu haijapata kusifiwa na mtu yeyote, tena ile iliyokwama ndiyo hutukanwa kwa lugha zote za nchi. Dhuluma hiyo imedumu mno, na mwandishi wa sifa hizi, ambaye amesimama mbele ya mashine hiyo hadi malori yakapanga foleni mpaka getini, ameona afadhali aandike kuliko kuendelea kuipiga teke tairi.

Kwanza nasaba yake ijulikane. Mwaka 1917 kampuni ya Clark, mjini Buchanan, jimbo la Michigan nchini Marekani, ilijitengenezea kigari cha kusogezea mizigo ndani ya kiwanda chake. Wageni wakakiona, wakakitamani, kikaanza kuuzwa. Toyota ilitoa foklifti yake ya kwanza mwaka 1956. Wajukuu wa ukoo huo huzeekea Japani, wakapandishwa meli na kushushwa Dar es Salaam au Mombasa kuanza utumishi wa pili. Anayesifiwa hapa ni mmoja wao, wa dizeli, mwenye uwezo wa kuinua tani mbili na nusu, aliyeajiriwa katika ghala moja la saruji kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road.

Siku moja alikataa kwenda mbele. Akiwekwa fri, anarudi nyuma. Akiwekwa rivasi, anarudi nyuma. Akiwekwa gia ya mbele, injini inaguna, chuma chote kinatetemeka, kisha kimya.

Fadhila zake ndogondogo hazihitaji maneno mengi. Ana msimamo. Huleta umoja: mlinzi, mama lishe, dereva wa lori na shemeji wa bosi husimama bega kwa bega, kila mmoja na utambuzi wake wa ugonjwa, na wote ni wa uhakika. Hutoa ajira, maana wapo mafundi wa Gerezani waliosomesha watoto kwa giaboksi za watu wengine. Na hutunza mafuta ya dizeli kuliko mashine yoyote inayotembea.

Lakini fadhila yake kuu ni ukaguzi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti yake kwa Rais kila mwisho wa Machi, na kabla ya hapo wanaokaguliwa hupewa nafasi ya kujibu hoja. Giaboksi haina utaratibu wa kujibu hoja. Haipokei bahasha, hainywi chai ofisini kwa mtu, haiandiki kwamba nyaraka hazikuonekana. Nyaraka zote inazo tumboni, zimelowa oili.

Namna ya kuzisoma ni elimu yenyewe. Fundi mstaarabu haanzi na nyundo. Anawasha swichi bila kuwasha injini, anasogeza mkono wa gia toka fri kwenda mbele, anatega sikio karibu na valvu. Akisikia “tik”, umeme umefika na kosa si la waya wala fyuzi. Ndipo shemeji wa bosi anapoombwa kwa heshima arudishe relei aliyokwisha kuing’oa. Baada ya hapo magurudumu ya mbele, ambayo kwenye foklifti ndiyo yanayosukuma, yananyanyuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya magogo imara, na ya nyuma yanawekewa kabari. Injini inawashwa, gia fri. Magurudumu yakizunguka kwa nguvu, na pedali ya kushoto, ile ya kusogelea mzigo taratibu, ikikanyagwa yasisimame, basi habari ni nzito: pleti za klachi ya rivasi zimegandana.

Maana ndani ya giaboksi ya aina hii mna klachi mbili, moja ya mbele na moja ya rivasi, na kila moja hubanwa na shinikizo la oili zamu yake ikifika. Moja ikiganda isiachie, ukiita ya pili zote mbili zinashika pamoja, moja ikivuta huku na nyingine kule, na shafti haiendi popote. Yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo mkurugenzi anataka mzigo utoke na ofisi ya ununuzi inataka hela isitoke anaifahamu hali hiyo bila kufungua boliti hata moja.

Kisha ikafunguliwa nati ya chini. Oili ambayo ikiwa mpya huwa nyekundu ilitoka na rangi ya faluda, na hapo mkaguzi akaanza kusoma ripoti yake kwa sauti.

Ukurasa wa kwanza: rangi hiyo ni maji. Maji yametoka kwenye rejeta, kwa sababu kipoza oili cha giaboksi kimelala ndani ya tangi la chini la rejeta na kimetoboka. Kimetoboka kwa kutu. Kutu imeletwa na maji ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Maji ya kisima yalimiminwa kwa kuwa kulanti haikuwepo. Kulanti haikuwepo kwa kuwa mtunza ghala alipoiomba, ombi lilirudi na maandishi ya kalamu nyekundu: “Maji hayatoshi?”

Ukurasa wa pili: vitambaa vya msuguano kwenye pleti za klachi hutengenezwa kwa malighafi ya jamii ya karatasi, vikabandikwa kwa gundi. Maji yameilegeza gundi. Vipande vilivyobanduka vimeziba chujio, shinikizo la oili limeshuka, pleti zimeanza kuteleza badala ya kushika, zikachemka, na mwishowe chuma kikakutana na chuma na kushikana. Chujio lingebadilishwa kwa wakati lingepiga kelele mapema. Lilikuwa limepangiwa robo ya mwaka inayofuata, na robo hiyo ina tabia ya kufuata daima.

Mkaguzi hana upendeleo. Dereva naye yumo. Alizoea kupumzisha mguu juu ya ile pedali ya kushoto, na pedali hiyo ikikanyagwa nusu klachi huungua polepole. Ila ripoti inaongeza tanbihi kwamba dereva huyo alikuwa akifanya zamu mbili.

Na sifa hizi zingeendelea kwa utulivu kama si mambo yaliyotokea wakati nukuu tatu za bei zikisubiriwa. Paleti moja ya mifuko 40 ya saruji ni tani mbili. Foklifti huipandisha kwenye lori kwa dakika chache. Foklifti ilipolala, waliitwa vibarua. Mfuko una kilo 50. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba uzito wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55, na meneja alipoambiwa hivyo alizifurahia zile kilo tano kama punguzo la bei. Hakuna aliyepewa barakoa. Vijana walipanda ubao mwembamba na saruji mabegani, vumbi machoni, kwa malipo ya mfuko kwa mfuko, na aliyeteleza akaumia kiuno alipewa nauli ya daladala. Kwa ajili yake hapakuandikwa ripoti. Kwa mifuko miwili iliyopasuka iliandikwa, tena nakala tatu, na fedha zikakatwa.

Wakati huo wote bosi alikuja kila asubuhi, akaitazama mashine, akauliza kwa nini mafundi wa siku hizi hawajui kazi.

Nukuu ya tatu ilipopatikana, ya bei ya chini ndiyo iliyoshinda, kama ilivyo ada. Zilinunuliwa pleti mpya za klachi, chujio, oili na kipoza oili kilichochomelewa mtaani. Fedha iliyotumika ingenunua kulanti ya miaka mingi, na hesabu hiyo ilipigwa mbele ya ofisi ya ununuzi, ikasikilizwa kwa adabu kubwa.

Foklifti sasa inakwenda mbele. Rejeta yake ilijazwa maji asubuhi ileile ilipowashwa, kwa ndoo, kutoka kisimani, na ombi la kulanti lipo kwa mhasibu, likisubiri saini.