Zinatoka Sana

Kijana wa steshenari pale Kariakoo hakusema uongo. Baba alisimama mbele ya kaunta yake, jasho likimtiririka, pakiti ya maka 12 za rangi mkononi, akauliza swali moja tu: "Hizi zinatoka?" Kijana akajibu papo hapo, "Zinatoka sana, bosi. Leo asubuhi tu nimemaliza boksi zima." Baba akalipa. Alishafika Tabata, pakiti ilishafunguliwa, na binti yake wa miaka miwili na nusu alishachora kitu mfano wa jongoo kuanzia mlango wa sebule hadi nyuma ya televisheni, ndipo alipong'amua kwamba yeye aliuliza habari za madoa na mwenzake akajibu habari za biashara.

Zilikuwa maka za wino wa kudumu, zile ambazo watu huandikia majina kwenye ndoo na masufuria ya kuazimana siku za shughuli. Wino wake hausikii maji. Unachokiogopa ni spiriti na ndugu zake. Mama mtoto hakuwa na habari hiyo. Alianza na sabuni ya unga, akaja na ya kipande, akamalizia na dawa ya meno. Jongoo alizidi kupendeza, kwa sababu ukuta uliomzunguka sasa ulikuwa msafi kuliko siku waliyohamia. Jirani alipoleta spiriti na kipande cha pamba, jongoo alitoka kweli, akaondoka na mng'ao wa ukuta. Hadi leo ukikaa upande wa dirisha unamwona, mweupe, kama mzimu wa jongoo.

Nyumba yenyewe ni ya kupanga, kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na kuta zake zimepakwa kama nyingi za mjini: chini rangi ya mafuta, juu rangi ya maji. Aliyeanzisha mtindo huu bila shaka alikuwa na watoto. Rangi ya mafuta ikikauka hufanya utando mgumu, uchafu ukakaa juu ukisubiri kitambaa. Rangi ya maji, hasa ile ya bei nafuu, ina vitundu visivyoonekana kwa macho na inakunywa chochote kinachoipata. Mpaka kati ya nchi hizo mbili ulikuwa juu kidogo ya mikono ya binti. Baba aliutegemea mpaka huo kwa wiki moja, hadi binti alipogundua matumizi ya stuli.

Zikaja krayoni za nta. Hizi zina heshima yake: kampuni ya Kimarekani ya Binney & Smith ilitoa boksi lake la kwanza la Crayola mwaka 1903, rangi 8 kwa senti 5, na tangu hapo hazijabadilika sana. Ni nta na unga wa rangi, basi. Hazimwagiki, hazina kifuniko cha kumeza, na zile nene zinakaa vizuri kwenye ngumi ya mtoto, maana katika umri huo mara nyingi mtoto hashiki kalamu kwa ncha za vidole. Anaikamata kama mwiko wa ugali. Binti alizipenda. Ya njano aliila. Pakiti iliandikwa kwamba hazina sumu, maneno ambayo baba aliyasoma mara tatu, usiku, kwa tochi ya simu, akizingatia kwamba kutokuwa na sumu si sawa na kuwa chakula. Ya bluu ilijificha mfukoni mwa gauni, ikaoga pamoja na nguo, ikanyooka pamoja na nguo. Pasi ya moto ikamaliza kazi. Dawa yake, kwa anayehitaji, ni pasi hiyo hiyo: weka karatasi isiyo na maandishi juu ya doa, pitisha pasi yenye moto kiasi, nta inayeyuka na kuhamia kwenye karatasi. Rangi nyingine hubaki, lakini angalau nguo inavalika gizani.

Baba, katika kujitetea, alimkumbusha mkewe kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, na leo jina lake ni mtindo mzima wa sanaa.

"Tingatinga alichora kwenye hadibodi," alisema mama mtoto. "Yake."

Shangazi akaleta ukombozi kutoka Maskati: kalamu za wino usioonekana. Hizi ni kiini macho cha kikemia. Wino hauna rangi hadi ukutane na karatasi yake maalumu. Ukutani, kwenye kochi, kwenye paji la uso wa mtoto, hakuna kitu. Baba alikaa na kunywa chai yake kwa utulivu kwa mara ya kwanza baada ya mwezi. Binti akajaribu kalamu sakafuni. Hakuna. Akajaribu kwenye meza, kwenye goti lake, kwenye paka wa jirani. Hakuna. Akairudisha kwa baba kwa huruma: "Baba, imekufa." Alioneshwa karatasi, rangi ikatokea, akafurahi kwa dakika kama kumi hivi. Lakini karatasi zilikuwa chache, na baada ya zile kwisha, kalamu zilikufa kweli.

Ubao wa sumaku ndio uliokaribia kushinda. Ni ubunifu wa Kijapani wa mwaka 1974, na ukiufahamu unavyofanya kazi unauvulia kofia. Ndani kuna vyumba vidogo vidogo kama vya sega la nyuki, vimejaa uji mzito mweupe wenye chembe za chuma. Kalamu ina sumaku. Ikipita juu, chembe zinakuja mbele na mstari mweusi unaonekana. Ukisukuma kile kijiti cha kufutia, sumaku nyingine inapita nyuma na kuziita zirudi. Hakuna wino, hakuna vumbi, kalamu imefungwa kwa kamba isipotee. Binti alichora duara lenye miguu miwili, akasema ni Bibi. Nyumba nzima ikashangilia. Kwa furaha akasukuma kijiti, Bibi akatoweka.

"Bibi kaenda wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Bibi mwenyewe alikuwa Muheza, mzima wa afya, lakini ilibidi apigiwe simu usiku huo huo athibitishe.

Tableti ya kuandikia, ile ya kioo cheusi inayofutwa kwa kitufe, haikulala ndani. Baba aligeuza nyuma akakuta kifuniko cha betri hakina hata skrubu. Betri zile ndogo za mviringo, kama za saa, mtoto akimeza moja na ikanasa kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa saa 2 tu. Hapo ucheshi unaisha. Ilirudi dukani kesho yake asubuhi.

Mkeka wa maji ulifuata. Kalamu hujazwa maji, mkeka ukilowa unaonesha rangi, ukikauka picha inapotea. Safi kabisa, kwa nadharia. Binti aliyanywa maji ya kwanza kwa kufyonza ncha. Ya pili aliyamwaga. Kisha, siku ya Jumapili, alimsikia mama akimwambia baba mezani, "Chukua chai ya rangi, maziwa yameisha." Mtoto aliyekuwa amenyimwa rangi kwa mwezi mzima hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alichovya kalamu kikombeni na kwenda moja kwa moja kwenye mapazia meupe. Alichokuwa ameambiwa ni rangi, na rangi ilikuwa.

Bibi aliposhuka kutoka Muheza (alitaka kuwaonesha kwamba hajafutika), alisikiliza kisa chote akiwa amejishika kiuno. Hakusema kitu. Alichukua brashi ya kupakia chokaa iliyokuwa nyuma ya choo cha nje, akaiosha, akajaza kopo maji, akampeleka mjukuu uani. Saruji ikilowa hugeuka nyeusi, na jua la Januari huifuta ndani ya dakika chache. Binti alichora majongoo manne, akachora mabibi, akapaka ngazi yote. Vikikauka anaanza tena. Baba alipiga hesabu ya alichokwishatumia tangu Kariakoo, kisha akaacha kupiga hesabu.

Jioni hiyo mzee mwenye nyumba alikuja, akaegesha gari lake uani, jekundu kwa vumbi la safari ya Morogoro, akaingia ndani kusalimia. Shikamoo, marahaba, habari za kazi. Mama mtoto alimkalisha haraka upande usio na dirisha. Mzee alipotoka aliona gari lake limechorwa tope mlango hadi mlango, na msanii akiwa amekaa kwenye kopo lililopinduliwa, anakagua kazi.

Mzee alipitisha kidole kwenye duara moja. "Hii inatoka?"

"Inatoka, mzee," alisema baba, na akaenda kutafuta ndoo kubwa.