Karani wa Risasi Sita

Kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, London
Nakala: Mkuu wa Kambi ya Jeshi la Uingereza, Nanyuki

KUH: KUCHELEWA KWA FATAKI NA RISASI

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kutoka Nyeri kulalamikia huduma. Utasema nimechelewa, lakini mzigo wenyewe ulichelewa zaidi yangu.

Uhaba wetu ulianza na fataki. Vijana wakilisikia neno hilo siku hizi hukumbuka Diwali na mkesha wa mwaka mpya, na majirani zetu Watanzania waliwahi kulifanya jina la mzee anayewanyemelea watoto wa shule. Fataki ninayoidai mimi ni ile ya zamani: kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa nyuma ya mtutu wa gobore, nyundo ikikigonga baruti inawaka. Bila fataki, gobore ni mchi.

Basi mwaka 1890 mataifa yenu yalikutana Brussels, yakakubaliana kwamba kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi 22 kusini, Mwafrika asiuziwe bunduki ya maana. Alichoachiwa ni gumegume, la kuwashwa kwa cheche za jiwe badala ya fataki, pamoja na baruti hafifu ya biashara. Mlisema mnakomesha utumwa. Tuliguswa sana. Mwaka huohuo Kapteni wenu Lugard alipita Dagoretti akielekea Uganda, na msafara wake ulikuwa na bunduki ya rashasha ya Maxim.

Ikafika 1952. Tarehe 20 Oktoba Gavana Baring akatangaza hali ya hatari, na mzigo wetu bado uko njiani. Wazee wa huku wakaingia misitu ya Nyandarua na Kirinyaga kupigana nanyi, wakiwa na mapanga, na bunduki walizojiundia: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa kigongeo, ukanda wa tyubu ukawa springi. (Mabomba hayo hayakuwa na risiti, nakiri.) Mara nyingine silaha hiyo ilimlipukia aliyeishika ikamwacha aliyelengwa. Kwa mteja wa kawaida hapo pangedaiwa fidia, lakini sisi tulikuwa tukinunua mlango wa nyuma.

Risasi ndizo zilizotutesa. Bomba utaling'oa shambani kwa mlowezi. Risasi haichongwi msituni. Ziliibwa, zikanunuliwa kwa askari waliopenda shilingi kuliko Malkia, moja moja kama mayai. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wateja walichoka na foleni, wakaenda kujihudumia wenyewe kwenye kituo cha polisi cha Naivasha. Aprili ya mwaka uliofuata mkaifagia Nairobi kwa Operesheni Anvil, na njia ya mjini ikakauka. Muuza duka akifunga duka hubandika karatasi mlangoni. Nyinyi mlitundika kitanzi: kukutwa na risasi tu, hata bunduki ya kuitia huna, ilikuwa kosa la kunyongewa.

Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji hao wa msituni, baada ya kukamatwa Oktoba 1956, hakushtakiwa kwa kuua mtu. Mashtaka yaliyosomwa hapa mjini Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, yalikuwa bastola moja na risasi sita. Hazikuwa nyingi wala chache, zilikuwa sita. Mtu alikaa akazihesabu, akaandika, akapiga muhuri. Tarehe 18 Februari 1957 Kimathi akanyongwa Kamiti. Huyo karani namheshimu mpaka leo. Serikali nzima ilijua risasi sita ziko wapi, katika misitu miwili yenye tembo.

Sasa nije kwenye habari njema: mzigo umefika. Uko Nanyuki, saa moja hivi kwa matatu kutoka hapa. Jeshi lenu linafanya mazoezi Laikipia na Samburu, na kwa jinsi linavyofyatua huwezi kujua kwamba kitu hiki kiliwahi kuadimika chini ya mlima huu. Vilipuzi vingine havikulipuka. Vilibaki malishoni Dol Dol na Archer's Post, vikaokotwa na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi, maana chuma kinachong'aa kinamvutia mtoto yeyote, hata wa London. Mwaka 2002 wizara yako ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa waathiriwa zaidi ya 200. Machi 2021 moto ukazuka Lolldaiga wakati wa mazoezi, ukala maelfu ya ekari.

Babu alinyongwa kwa kuwa na risasi. Mjukuu amekatika mkono kwa kuokota kilipuzi. Naona uagizaji umeboreka, ila anwani bado mnakosea.

Siombi pesa, Mheshimiwa. Naomba yule karani wa Nyeri. Kama amefariki, mtume aliyerithi dawati lake, aje na daftari na kalamu ileile, aanzie Archer's Post, apite malisho kwa malisho akihesabu. Akifika sita, aendelee.

Wako, mteja wa siku nyingi,
Nyeri