Mwenye Bunduki Kutoa Maoni

Bowling Green, Kentucky

Baba mdogo,

Salamu nyingi kwako, kwa mama mdogo na kwa wazee wote wa baraza la lubunga hapo Baraka.  Baridi huku imelegea, watoto wanaota kwa Kiingereza, na sombe tunaipata dukani ikiwa imeganda ndani ya mfuko. Bei yake sikutajii, maana utaacha uvuvi ukalime mihogo.

Katika ule ujumbe wa sauti uliniuliza maswali mawili. La kwanza, kama ni kweli kwamba Marekani kila mtu ana bunduki. La pili, kama mimi nami nimeshajipatia ya kwangu, na ikiwa bado, nangoja nini. Nimeona nisikujibu kwa sauti, kwa sababu simu yako husikilizwa na kijiwe kizima cha pikipiki. Nakuandikia, umpe mjukuu akusomee polepole.

Si kila mtu. Ila jirani yangu anazo za kutosha wote wawili, yeye na yule asiye nayo. Ni mzee mstaafu, mpole, anayenisalimia kila asubuhi na kuniuliza kama Kongo kuna joto. Jumamosi yeye na wazee wenzake hukutana kwenye shamba la mmoja wao nje ya mji, wanakaa kwenye viti vya kukunja, wanakunywa kahawa isiyo na sukari na kuzungumza habari za bastola mpaka jua lizame. Ni lubunga kabisa, imekosa moto tu na mtu wa kukata kesi. Nami nimealikwa humo, nikapewa kiti.

Kwanza sheria, maana najua wazee wataanzia hapo. Hapa Kentucky, tangu 2019, mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kosa la kumzuia anaweza kuficha bastola chini ya shati na kutembea nayo bila kibali. Akiinunua dukani atajaza fomu ya serikali, jina lake litaulizwa kama lina madoa, na mara nyingi jibu hurudi kabla hajamaliza kuchagua mkanda wa kuivalia. Lakini mimi, mtoto wa Baraka niliyekua nikiziona taa za wavuvi wa ndagala usiku, nilipotaka kukaa na ndoano kando ya mto Barren niliambiwa nilipie kwanza leseni ya kuvua. Ndoano inataka karatasi, kutembea na bastola hakutaki. Wewe uliyevua kutoka Mboko mpaka Kazimia bila karatasi nyingine ila franka za kwenye vizuizi, naomba uwaeleze wazee jambo hili wakiwa wameketi.

Sasa bunduki yenyewe. Wanayoipenda wazee wa huku kuliko zote ni rivolva ya Ruger, kampuni iliyoanza Connecticut mwaka 1949. Hii inaitwa Single-Six, ilitoka 1953, na sura yake imefuata ile Colt ya 1873, bastola ya makauboi wa kwenye filamu tulizokuwa tukitazama kwa jenereta. Chuma kizito, mpini wa mbao uliopinda, silinda ya matundu sita. Haijikoki yenyewe. Kwa kila risasi unavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, ndipo unafyatua. Ukitaka ya pili, koki tena. Zikiisha sita, unafungua kilango kidogo ubavuni, unasukuma ganda kwa kijiti, unazungusha, unasukuma, unazungusha, mpaka yote sita yatoke; halafu unaanza kuingiza mpya kwa mtindo huohuo, moja moja. Jirani yangu alipokuwa akijaza, tulimaliza habari ya magoti yake na kuanza ya ini la mbwa wake.

Ajabu inayowakusanya ni kwamba bastola hii moja inauzwa na silinda mbili. Ya kwanza ni ya risasi ndogo ya .22, ambayo imekuwapo tangu 1887. Ya pili ni ya .22 Magnum, iliyotoka 1959, ndefu zaidi na yenye nguvu zaidi. Unafungua kilango, unabonyeza kitasa cha pini, unachomoa pini ya katikati, silinda inateremkia kiganjani. Unaweka ya pili, unarudisha pini, kazi imekwisha. Jirani yangu mikono inamtetemeka kidogo kwa umri, lakini alifanya yote hayo huku ananitazama mimi usoni, bila kuangalia chini hata mara moja. Kwenye ile silinda ya ziada kuna tarakimu tatu zilizochorwa: ni za mwisho za namba ya bunduki yake, ili isije ikaolewa na bunduki ya mtu mwingine. Kisha akanionya kwamba risasi ndogo inaingia kwenye silinda ya Magnum, lakini inacheza humo, na ukiipiga ganda linaweza kupasuka. Ya Magnum kwenye silinda ndogo haiingii kabisa. Kwa hiyo mwenye haraka asiinunue.

Halafu wakaanza kutoa maoni. Baba mdogo, hapo ndipo nilipoelewa kwamba niko mbali na nyumbani. Kwetu mwenye bunduki hatoi maoni, anatoa amri. Tangu nizaliwe sijamsikia kijana wa kwenye kizuizi cha barabarani akisema, "Hii kalashi yangu naipenda, ila mpini wake unanichubua." Anasema, "Shusha mzigo," nawe unashusha. Hawa wazee wana maoni juu ya mbao za mpini, juu ya rangi ya chuma, juu ya uzito wa kufyatua, juu ya bastola inavyojiviringisha kiganjani ikirudi nyuma baada ya kulia. Wanaizungumza kwa upendo ambao wake zao, nadhani, wangeukubali hata nusu yake.

Ugomvi mkubwa ni wa mtutu. Mtutu ni mmoja, na risasi hizi mbili hazilingani unene sawasawa. Tofauti yao ni kama sehemu moja ya elfu ya inchi. Sehemu moja ya elfu ya inchi, baba mdogo, imewagombanisha wanaume wenye wajukuu. Jirani yangu anaapa kwamba ile ndogo inafika pale anapotazama na Magnum inatawanyika. Mwenzake anaapa kwamba kwake ni kinyume. Mwenye shamba akawaambia shida haiko kwenye silinda, iko kwenye macho, na miwani inauzwa mjini. Wakaweka makopo juu ya ukuta wa mawe ili kumaliza ubishi. Makopo mengi yalibaki yamesimama.

Nikauliza silinda ya pili inatumika lini. Kimya. Jirani akasema ndogo ni ya kindi, na Magnum ni ya mnyama mkubwa kuliko kindi. (Ndiyo, kindi huku wanaliwa, wana msimu wao na sheria zao. Usiniulize mmoja anashibisha watu wangapi. Wawindaji wetu wa Itombwe wangemwacha apite aende akanenepe kwanza.) Nikabana swali. Ikaonekana kwamba Magnum ni ghali, kelele yake inaumiza masikio, na kila ukibadili silinda inabidi urekebishe shabaha upya. Mwenye shamba akakiri kwamba silinda yake ya ziada imelala kwenye droo, ndani ya soksi, tangu mkewe alipokuwa hai. Wenzake wakaangalia kahawa zao. Hata hivyo ukiwauliza kama wangenunua bastola ya silinda moja, wote wanakataa. Wanataka kujua kwamba ile nyingine ipo.

Mmoja wao ana kubwa zaidi, inaitwa Blackhawk. Silinda moja ni ya .357 Magnum, nyingine ni ya milimita 9, risasi ileile ya bastola zinazoning'inia viunoni mwa maofisa kwetu. Hoja yake ni ya mfukoni: ya milimita 9 ni nafuu, anajifunzia hiyo, na .357 anaiweka kwa ajili ya siku ya hatari. Nikamuuliza siku ya hatari ni ipi. Akafikiri sana. "Dubu," akasema. Nikamuuliza kama amewahi kukutana na dubu. Akasema bado. Sikutaka kumweleza orodha yangu ya siku za hatari, maana kahawa ilikuwa bado moto na sikutaka ipoe bure.

Aliyenishinda ni yule wa bastola ya zamani. Zile zilizotengenezwa kabla ya 1973, ukijaza matundu yote sita, nyundo inalalia risasi, na bastola ikianguka chini inaweza kulia yenyewe. Wenye busara hutia tano, tundu la chini ya nyundo likabaki tupu. Mwaka 1973 kampuni ikaja na dawa: kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini inayogonga risasi pale tu unapofyatua. Na mwenye bastola ya zamani akitaka, anaipeleka kiwandani wanamwekea chuma chao bure, na vyuma vyake vya awali wanamrudishia. Mzee huyu hataki kusikia. Sababu yake ni moja: bastola ya zamani ukiivuta nyundo inalia hatua kwa hatua, ka, ka, ka, na mpya imepoteza mlio huo. Yuko tayari kuhatarisha mguu wake kwa ajili ya muziki.

Akatukokia tuusikie. Wenzake wakafumba macho kwa raha. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye gari.

Wewe utanielewa. Mwaka 1996, vita vilipotufikia, mlio wa namna hiyo ulisikika nyuma ya nyumba yetu na hakuna aliyeuliza ni wa modeli gani. Tulikuwa majini kabla ya kupambazuka, mama ameshika sufuria ya bugali ambao hatukuula, tunaelekea Kigoma, na kutoka hapo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako nilikaa mpaka nikaota ndevu. Wazee walinifuata garini wakaniuliza kwa wasiwasi kama jua limenizidi. Nikasema ndiyo. Wakanipa kofia.

Jioni ile niliwapa historia yetu, nao wakanipa masikio. Niliwaambia kwamba tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akatua Kibamba, kwenye Fizi yetu, akijiita Tatu, na kwamba mwezi wa Novemba alivuka tena kurudi, amekonda na hana hamu. Moja ya mambo yaliyomchosha ni upigaji wa wapiganaji wetu aliokuja kuwasaidia: mtu anaishika bunduki ya kujipakia, anafumba macho, anaachia mpaka magazini iishe. Nao wapiganaji walikuwa na maelezo yao. Wamepakwa dawa, risasi ya adui itageuka maji, ya nini kutumbua macho? Mzee wa Blackhawk aliuliza kama dawa hiyo inazuia hata milimita 9. Nilimjibu kwamba dawa ilikuwa na masharti: usiogope, usiibe, usimguse mwanamke. Aliyepigwa risasi alikuwa amevunja mojawapo, na marehemu hakati rufaa. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha mmoja akasema ni dhamana ya bidhaa nzuri kuliko ya kampuni yoyote aliyowahi kununua kwake.

Kwa hiyo, kwa kuwa umeniuliza mimi naionaje, nakupa maoni yangu, ingawa sina bunduki. Hii Single-Six ndiyo bunduki ambayo ningependa kila mwenye bunduki Fizi apewe, na ile aliyonayo anyang'anywe. Akoki kwa kidole, kila mara. Apige sita, au tano akiwa na busara. Kisha afungue kilango, asukume ganda, azungushe, asukume. Katika muda huo kijiji kizima cha Lweba kitakuwa kimeshavuka kwenda Ubwari na kuanza kupika. Na ukimpa silinda mbili na risasi zilizochanganyika mfukoni, vita vyote vinaweza kuahirishwa hadi Jumatatu. Nakumbuka kule Katanga mchungaji Daniel Mulunda Ngoy na shirika lake la PAREC walikuwa wakimpa baiskeli mtu anayesalimisha bunduki. Mpango mzuri, ila baiskeli haikidhi tamaa ya mtu aliyezoea kushika chuma. Hii ingemkidhi: ataitia mafuta, ataibishania, ataweka silinda ya pili kwenye soksi na kuzeeka.

Sasa lile la kijana wetu, ambaye alidakia mwisho wa ujumbe wako akiomba nimfichie "hata moja ndogo" ndani ya pipa la nguo. Mwambie haiwezekani. Kutoa silaha nje ya nchi hii bila kibali cha serikali ni jela, na huko kwetu vikundi vyote visivyo vya serikali viko chini ya vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa tangu 2003. Na hata isingekuwa hivyo, ningekataa. Pipa lina viatu, madaftari, na kofia niliyopewa na wazee, ambayo ni yako.

Pesa iliyoingia kwenye Airtel Money wiki hii ni ya mabati na misumari tu. Anayekuambia ni ya kitu kingine, mpe simu nizungumze naye mwenyewe.

Mwanao wa Kentucky