Mkurugenzi na Kiti Chenye Bomu

Vijana wa Marekani waliomsoma Nick Fury katikati ya miaka ya 1960, toleo moja kwa mwezi kwa senti 12, walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba huyu ni jasusi hodari kupita majasusi wote. Sisi tunaomsoma leo katika juzuu nene zilizokusanya matoleo hayo tuna bahati mbaya ya kumwona vizuri zaidi. Mwezi mzima unatosha kumsahaulisha mtu kwamba bosi huyu aliingiliwa na maadui ofisini toleo lililopita. Kufunua ukurasa mmoja hakutoshi. Hadithi zikishafungwa pamoja, anayejitokeza ni mkuu wa idara mwenye mikosi, ambaye vifaa vyake vya mamilioni vinateketea kabla rangi haijakauka, ambaye walinzi wake hawajui nani kaingia na nani katoka, na ambaye ni nadra kumaliza sigara yake bila mtu kumtupia kitu kinacholipuka. Nasema hivyo kwa kumsifu. Dai langu ni kwamba katuni hizi zimezeeka vizuri kwa sababu ya mikosi hiyo. Anayezifungua upya akitafuta ushujaa atasinzia; anayetafuta ajali za kazini atacheka mpaka majirani wagonge ukuta.

Tuanze na ajira yenyewe. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa Fury kwa mara ya kwanza mwaka 1963, akiwa sajenti wa Vita vya Pili vya Dunia, mropokaji na mwenye ndevu za siku tatu. Miaka miwili baadaye sinema za James Bond zilikuwa zimewapagawisha watu, televisheni nayo ilikuwa na majasusi wake, na kampuni ya Marvel ikaona sajenti huyo anafaa kupandishwa cheo. Basi katika gazeti la katuni la Strange Tales, toleo namba 135, la Agosti 1965, Fury anaitwa kupewa ukurugenzi wa S.H.I.E.L.D., shirika la ujasusi la dunia nzima. Utaratibu wa kumpokea mwajiriwa mpya ni wa ajabu. Kwanza anapimwa mwili mzima ili watengenezwe roboti pacha wake, na roboti hao wanatolewa nje wakapigwe risasi na maadui badala yake. Kisha anapandishwa gari ambalo, likishambuliwa, linaruka angani. Mwisho anafikishwa kwenye makao makuu, ambayo ni meli ya kubeba ndege inayoelea mawinguni, siri ya siri zote. Humo ndani, katika kikao cha wakubwa, Fury anahisi kuna kasoro kwenye kiti kimoja, anaking'oa na kukitupa nje, nacho kinalipuka. Wakubwa wanatazamana na kukubaliana kwamba mtu sahihi amepatikana. Hakuna hata mmoja anayeuliza bomu lilipandaje meli inayoruka, nani aliweka sahihi kwenye kitabu cha wageni, wala kiti kilinunuliwa kwa mzabuni gani. Ofisi nyingine yoyote ingeunda tume, tume ingeomba posho, na ripoti ingetoka baada ya mkurugenzi kustaafu. Hapa wanapeana mikono na kazi inaanza.

Tena si upande wa wema pekee wenye utawala mbovu. Maadui wakuu wa siku hizo ni Hydra, jeshi la siri lenye sare za kijani, kofia za kufunika uso na kiapo kirefu cha kutisha. Kiongozi wao wa juu kabisa, anayetetemesha mataifa, ni Arnold Brown, karani mpole katika kampuni moja kubwa, mtu ambaye wakurugenzi humtuma mafaili na kumsahau hapo hapo. Kufikia hapo ni hadithi ya kawaida ya mdharauliwa mwenye siri. Lakini tazama mwisho wake. Ngome imeanguka, mambo yamekwisha, Brown anavua sare na kofia ili atoroke akiwa raia wa kawaida, anakutana na askari wake mwenyewe, na askari wanampiga risasi kwa sababu hawajawahi kuiona sura yake. Kwangu mimi huu ndio mwisho bora kabisa wa mhalifu katika mkusanyiko mzima, na Fury hana mkono ndani yake. Dola nzima ya uovu imeangushwa na tatizo ambalo kila mfanyakazi analijua: mlinzi wa getini ni mgeni, na wewe leo umesahau kitambulisho. Brown alikaza sana masharti ya usiri, akaandika kanuni zisizo na mwanya, kisha kanuni zikamnasa yeye mwenyewe.

Mlango wa kuingilia S.H.I.E.L.D. nao unastahili neno. Mtu anaingia kwenye duka la kawaida la kinyozi, anaketi kwenye kiti, na kiti kinazama chini ya sakafu hadi ofisini. Ni ubunifu mzuri wa Kirby, lakini fikiria mzee wa mtaa aliyeingia tu kupunguza nywele za kisogoni. Fikiria pia foleni ya asubuhi, wafanyakazi wote wamepanga mstari kunyolewa kwa wakati mmoja, na wapelelezi wa Hydra wanajiuliza mbona kinyozi huyu ana wateja wengi hivi na hakuna anayetoka.

Mnamo Desemba 1966 akaingia Jim Steranko, na hapa wapenzi wa sanaa huondoa kofia. Wana haki. Kijana huyu, aliyewahi kufanya mazingaombwe na maonyesho ya kujifungua minyororo, alileta katika katuni za ujasusi picha zilizokopa kwenye sinema, mabango na sanaa ya kisasa ya wakati ule. Ni katika hatua hii ndipo ninapotarajia pingamizi la kwanza: kwamba juzuu hizi zinasomwa kwa ajili ya michoro ya Steranko, na kwamba mikosi ninayoishangilia ni takataka za pembeni. Naikubali michoro, nalikataa hitimisho. Uzuri wa Steranko hauwezi kutenganishwa na matatizo ya kiofisi. Katika Strange Tales namba 167, la Aprili 1968, alichora picha moja ya kurasa 4. Kurasa za gazeti zina pande mbili, kwa hiyo msomaji aliambiwa atafute nakala ya pili aitandaze kando ya ya kwanza ndipo aone picha nzima. Sanaa gani hiyo inayomlazimu mtoto kurudi dukani kuomba senti 12 nyingine? Miezi miwili baadaye, Fury alipopewa gazeti la jina lake, Steranko aliifungua hadithi kwa kurasa zisizo na neno hata moja, jasusi akinyemelea ngome usiku. Ni kurasa za kupigiwa mfano. Steranko mwenyewe amesimulia kwamba ofisi ilisita kumlipa ujira wa uandishi kwa kurasa hizo, kwa hoja kwamba hakuandika kitu. Mhasibu aliyetoa hoja hiyo angestahili nafasi katika hadithi yenyewe.

Toleo la pili la gazeti hilo, la Julai 1968, lina kisa kingine kinachonithibitishia jambo. Fury yuko nyumbani na Valentina, mwanamke ambaye siku ya kwanza walipokutana mazoezini alimbwaga bosi wake sakafuni mbele ya watu. Sasa wamepatana. Steranko alichora simu ikiwa imetolewa mahali pake ili isilie, na mwishoni wawili hao wakikumbatiana. Wakaguzi wa maadili ya katuni wakaona hapana, wasomaji ni watoto. Simu ikarudishwa mahali pake kwa kalamu, na picha ya kukumbatiana ikaondolewa, pakawekwa picha ya bastola ya Fury ikiwa ndani ya ala yake. Mtu mzima yeyote anayelitazama toleo hilo leo anaona kwamba wakaguzi waliongeza kile walichokusudia kupunguza. Serikali, mashirika na kamati za mitaa hufanya kosa hilo kila siku, ila ni mara chache linapochapishwa kwa rangi na kuhifadhiwa kwenye jalada gumu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema kwamba ninawaonea waandishi, kwamba hadithi za kila mwezi lazima zirudie balaa, kwa kuwa jasusi asiyevamiwa hana gazeti. Kwa mantiki hiyo, marudio ni sharti la biashara tu. Ni kweli, na Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, angekutana na vimbunga vilevile kama angetakiwa kurudi sokoni kila tarehe moja. Lakini hoja hii inaeleza kwa nini mikosi ipo. Haielezi kwa nini ni ya aina hii. Waandishi wangeweza kumpa Fury misiba mikubwa ya kifalme. Badala yake walimpa vifaa vibovu, msaidizi kijana, Jasper Sitwell, anayezungumza kama waraka wa utumishi, na rafiki wa vitani, Dum Dum Dugan, ambaye amekataa kabisa kuivua kofia yake ya duara hata akiwa kwenye sare. Walimpa hata kiraka cha jicho bila maelezo: kilionekana mwaka 1965, na mwaka uliofuata ndipo gazeti la visa vyake vya vitani likaeleza kwamba jicho liliumizwa na bomu la mkono. Matumizi yalitangulia, risiti ikatafutwa baadaye. Na yale mapambano marefu dhidi ya Yellow Claw, yaliyomtoa Fury jasho matoleo kadhaa? Mwishoni inafichuliwa kwamba adui yule alikuwa roboti, na kwamba sakata lote lilikuwa mchezo wa chesi ambao mhalifu mwingine, Doctor Doom, alikuwa akicheza na mashine yake ikuluni. Mtumishi yeyote aliyekesha akiandaa taarifa, kisha akaambiwa kikao kilikuwa cha kupoteza muda, ataelewa kwa nini ukurasa ule unauma.

Namtaja Yellow Claw kwa shingo upande, maana hapo juzuu hizi zinaaibisha. Ni mhalifu wa Kiasia aliyejengwa kwa dhihaka za kibaguzi za zamani, na kule kugeuzwa roboti mwishoni hakumsafishi. Kucheka na Fury hakumlazimishi mtu kucheka na hilo.

Roboti pacha wa Fury ndio kiunzi cha kichekesho kizima. Mwaka 1969, katika toleo la 15 la gazeti lake, Fury anapigwa risasi na kufa, na gazeti lenyewe linaishiwa hadithi mpya. Januari 1970 anatokea mzima katika katuni ya Avengers; aliyekufa alikuwa roboti. Hapo hapo tunaambiwa kwamba Scorpio, adui aliyemsumbua tangu toleo la kwanza la gazeti lake, ni ndugu yake wa damu, Jake. Mwaka 1988, katika hadithi ya Bob Harras na Paul Neary, roboti wanakamata shirika zima na mkurugenzi anawindwa na ofisi yake mwenyewe. Ni matokeo ya haki kabisa. Kundi lililotengenezwa ili life kwa niaba ya wakubwa lilikuwa na kila sababu ya kudai viti vyao, hata kama viti hivyo vina historia ya kulipuka.

Pingamizi la mwisho ninaloliheshimu linatoka kwa wanaosema Fury wa kweli ni yule wa Garth Ennis na Goran Parlov katika My War Gone By, iliyotoka mwaka 2012 na 2013, kazi ya watu wazima isiyo na mzaha mwingi. Ni kazi kubwa, na mahali pengine inatisha. Lakini orodha ya safari zake ni Indochina, Cuba, Vietnam na Nikaragua, yaani rejesta ya mambo yaliyowaharibikia wakubwa, ikisimuliwa na mzee anayejirekodi kwenye kinasa sauti hotelini. Ennis aliukuta mkosi wa Fury ukiwa wa ofisi, akaupandisha uwe wa dola, na katika kupanda huko kicheko kikafa kwa sababu maiti ni wa kweli. Hajaipinga hoja yangu. Ameionyesha inafikia wapi.

Hata ujana wake wa milele una bili. Hadithi ya mwaka 1976, ya Howard Chaykin na wenzake, ilieleza kwa nini mpiganaji wa vita vya Hitler hazeeki: alidungwa dawa huko Ulaya, na lazima adungwe tena kila mwaka. Dawa hiyo ikawa mikononi mwa tapeli, ambaye alimlipisha Fury mwaka baada ya mwaka na kupandisha bei. Mkuu wa ujasusi wa dunia, mwenye meli inayoruka, analipia uhai wake kwa awamu kama kodi ya pango.

Anayetaka kumrudia Fury basi aanze na juzuu ya Lee na Kirby ya mwaka 1965, aisome taratibu, kisha ahamie kwa Steranko na kuishia pale Steranko alipoachia. Yaliyofuata katika gazeti lile ni ya wakusanyaji. Na kiraka? Walipotaka Fury wa vitabuni afanane na yule wa sinema anayeigizwa na Samuel L. Jackson, Marvel walimleta mtoto wake wa kiume katika Battle Scars, iliyoanza mwaka 2011, wakamtoboa jicho lilelile la kushoto, na kumpa kazi.