Gesi ya Jabari

Vitabu vingi vya kupiga picha za nyota huanza na sharti moja: itafute Nyota ya Kaskazini, kisha uelekeze mtambo wako huko. Waandishi wake hawajawahi kupanga chumba Dar es Salaam. Hapa, nyuzi kama saba kusini mwa ikweta, nyota hiyo haichomozi kabisa. Imebaki ncha ya kusini ya anga, nayo iko nyuzi hizo hizo saba juu ya upeo wa macho. Yaani nyuma ya tangi la maji la jirani. Bila kuilenga ncha, mtambo haufuatani na mzunguko wa dunia, na kila nyota hutoka ndefu kama punje ya mchele.

Ninachokiwinda ni nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi linalozaa nyota, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300. Usiku wa Januari hupita utosini, kwa hiyo kuilenga lazima ulale chali uani. Siafu wanalijua hilo.

Umbali si kitu. Kinachonishinda ni hizi mita ishirini za mwisho. Kwanza unyevu wa pwani: lenzi ikiingia ukungu, naazima draya ya mke wangu. Draya ikanguruma saa sita usiku, mlinzi akaja na tochi.

"Mwalimu, unamkausha nani nywele saa hizi?"

Akanimulika mimi, akaimulika lenzi, picha ikawa nyeupe pe. Nikamwambia napiga picha wingu la gesi.

"Gesi ya Mtwara?"

Hapana, mzee. Hii ni haidrojeni. Nyota changa zenye joto kali huipiga kwa mionzi ya urujuanimno, nayo ikawaka nyekundu. Akaomba aone. Nikampa darubini, akaangalia kitambo kirefu.

"Mbona kijivu?"

Nikamweleza kwamba jicho letu halitambui rangi kwenye mwanga hafifu hivyo, ila kamera huukusanya taratibu. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akatoa hukumu: "Kumbe rangi unatia mwenyewe." Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari.

Henry Draper wa Marekani, wa kwanza kuipiga picha nebula hii, Septemba 1880, aliacha mwanga uingie kwa dakika 51. Dakika 51! Kwetu hapo zimeshapita bajaji, geti limefunguliwa, na taa ya baraza imewashwa na mtu anayetafuta ndala. Ndiyo maana tunapiga picha nyingi fupi fupi, programu ikazirundika pamoja, na zile za bajaji zikatupwa.

Umeme ukikatika mtaa huguna, mimi huruka. Safari moja nilishangilia kwa sauti, mama mwenye nyumba akasikia.

"Mwanangu, samaki wangu wanaoza kwenye friji, wewe unapiga vigelegele?"

Nilimpelekea picha ya usiku ule, nyekundu na zambarau, nikiomba radhi. Akaigeuza juu chini, akauliza kitenge hicho kinauzwa duka gani.

Nina ombi dogo kwa wenye nyumba wenzake: taa ya nje ielekezwe chini, imulike geti. Huko juu hakuna mwizi.