Sifa za Sanduku Lisilotema

Washairi wa pwani wameusifu mnazi tangu kilele hadi kumbi, na hakuna aliyelikumbuka sanduku la bahati. Nasema lile lililomo ndani ya michezo ya simu: unalipa, linatikisika, linamemeta, kisha linakupa beki ambaye unao watatu tayari. Kulinyamazia ni dhuluma.

Nenda jioni kwenye kibaraza cha fundi simu pale Gongoni, hapa kwetu Magarini. Vibarua waliotoka kwenye mashamba ya chumvi na wanafunzi waliotoka shule wamebanana benchi moja. Mpwa wangu, miaka 14, kioo cha simu kimepasuka pembeni, anapangusa kidole gumba kwenye kaptura, anapiga bismillahi, anabonyeza. Benchi zima limezuia pumzi. Ustadhi wake chuoni anautafuta utulivu huo mwaka wa tatu sasa. Kisha mwanga unatoka wa buluu badala ya dhahabu, watu wanaguna, naye ananigeukia: “Mjomba, nikopeshe mia. Ilikuwa karibu.”

Karibu na nini? Uwezekano umeandikwa pale pale kwenye kioo, maana China ililazimisha makampuni kuutangaza tangu 2017 na desturi ikaenea. Mchezaji anayemtaka ni mmoja kati ya 150. Mwalimu wa hesabu ameshindwa kumfundisha uwezekano kwa chaki. Sanduku linamfundisha kwa vitendo, karo ikitoka kwenye M-Pesa ya mamake.

Sarafu kupotelea kwetu si jambo geni. Mwaka 2010 waakiolojia wa China na Kenya walifukua Mambrui sarafu ya mfalme Yongle, ya mwanzo wa karne ya 15. Miaka mia sita baadaye China ikatuletea mashine za kamari, zikakaa madukani zikimeza shilingi ishirini ishirini, hadi serikali ikaanza kuzikamata na kuziteketeza. Mimi sikuzililia. Zilikuwa na ila moja mbaya: mara mojamoja zilitema. Mtu akatoka dukani mfuko umejaa, jirani akaona, husuda ikaingia mtaani. Sanduku halijawahi kumtia mtu aibu hiyo. Halitemi kamwe. Hata huyo beki si mali yako. Huwezi kumrithisha mtu, na kampuni ikiufunga mchezo anakwenda nao.

Usafi wake basi uko hapo. Kamari inakatazwa kwa kuwa mmoja hula mali ya mwenzake. Benchi lile hakuna anayemla mwenzake. Wanaliwa wote, sawasawa. Tume ya kamari ya Uingereza imeliona hilo: zawadi isiyogeuka pesa haiingii kwenye sheria yao. Ukimlipa mshindi unahitaji leseni. Usipomlipa chochote, wewe ni mtu wa burudani. Mwaka 2019 mwakilishi wa EA, kampuni ya michezo ya video, aliwaeleza wabunge wa huko kwamba masanduku yale ni mambo ya kushtukiza tu, kama mayai ya Kinder, na kwamba hayana kasoro ya kimaadili. Wabelgiji, watu wasiojua raha, walikuwa wameyaharamisha mwaka mmoja kabla. Waholanzi walitaka kuitoza EA euro milioni 10. Mahakama yao ikaifuta faini hiyo mwaka 2022.

Na ukarimu je? Kampuni za kubeti Kenya zinatakiwa kumfukuza aliye chini ya miaka 18. Ubaguzi mtupu. Sanduku humpokea mtoto yeyote, halimuulizi kitambulisho, na likimwona amekata tamaa humpa moja la bure, asije akafikiri anachukiwa.

Dada yangu, mamake yule mpwa, alipojua pesa zake zilikokwenda hakugomba. Anauza mahamri. Asubuhi ya pili aliyafunga kwenye karatasi za gazeti, akatangaza bei: shilingi thelathini kila kifurushi, ndani huenda pana mahamri mawili, huenda pana karatasi tupu. Mteja wa kwanza alifungua, akakuta karatasi, akamwita mwizi mbele ya watu. Wa pili akadai arudishiwe pesa zake kabla hata hajafungua. Kufika saa mbili biashara ilikuwa imekufa.

Nimemwambia asivunjike moyo, wazo ni zuri. Ila ahamie mbali kwanza, wateja wasijue anakoishi.