Mnaniuliza mimi habari za 2050?

Mke wangu anadai uzee wangu umekaa upande mmoja: ya jana yananitoka, ya ujana yananimwagika hata pasipo mtu wa kuyakinga. Akinituma chumvi, nikifika dukani nasimama mbele ya muuzaji, tunatazamana kama watu wanaodaiana. Narudi na kiberiti. Nyumba nzima hapa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, imejaa viberiti, na ugali tunakula na dagaa wasio na chumvi.

Lakini niulize Liemba! Meli ile Wajerumani waliiunda 1913, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Sikuwapo, ila ukinisikiliza utadhani kamba nilivuta mimi. Ya kwangu ni ile ya daraja la tatu, tumelala juu ya magunia ya migebuka mikavu, kuku wa mtu wananidonoa kisigino. Nakumbuka mpaka maua ya kanga ya dada mmoja aliyeshukia Kasanga. Hayo mama mwenye nyumba simsimulii.

Wataalamu wanasema kumbukumbu za mzee hurundikana pale alipokuwa na miaka kati ya 10 na 30. Tena mwaka 2008 Daniel Schacter wa Harvard na wenzake walionyesha kuwa wazee tukiwaza yajayo tunatoa picha yenye vipande vichache, kama tunavyofanya tukisimulia yaliyopita, kwa kuwa akili huiunda kesho kwa mabaki ya jana. Maabara ya nini? Wangemhoji mke wangu.

Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2025 ilipotangazwa nilikuwa bado na meno. Niliiona kabisa: boti ya injini, bati la rangi, umeme hadi kwenye banda la kuku. Mwaka umefika, umepita, kuku wanalala gizani.

Sasa kuna Dira ya 2050, na mjukuu kaja na daftari la shule. “Babu, 2050 unaionaje? Pato litakuwa dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka!” Mtoto huyu hesabu za umri hazijui, au anazijua na ananisitiri.

Nikamwambia aandike. Meli kubwa inapiga honi usiku wa manane, mitumbwi inaikimbilia, akina mama wanarusha magunia, mtu anagombana na karani kwa ajili ya kuku.

Kalamu ikasimama. “Babu, hiyo si Liemba?”

Ndiyo hiyo. Ila safari hii, kwa dola zangu 7,000, napanda daraja la kwanza.